Ukoko wa Mapipani: Historia ya Chumvi ya Zabibu Dodoma

Mchuzi wa zabibu ukikaa kwenye tangi kwa miezi michache, kuta za ndani huvaa ukoko. Ni ukoko mgumu wenye chembe zinazometameta, mweupe ikiwa zabibu zilikuwa nyeupe, na wa rangi ya damu ya mzee ikiwa zilikuwa nyekundu. Wasindikaji wa Dodoma wanaujua vizuri, kwa sababu usipokwanguliwa msimu huu utakutana na msimu ujao. Wengi huuhesabu kuwa uchafu au masalia ya hamira. Kikemia ni chumvi: potasiamu haidrojeni tartareti, iliyotokana na asidi ya tunda lenyewe pamoja na potasiamu ambayo mzabibu uliifyonza ardhini. Ikisafishwa na kusagwa huwa ile poda nyeupe ambayo waokaji wa keki huinunua kwa jina la krimu ya tartari.

Chumvi hii ni ya kundi la chumvi za kikaboni, yaani zile ambazo angalau upande wake mmoja umetoka kwenye molekuli iliyojengwa kwa kaboni. Haifanani na chumvi ya mezani, kama ile ya Uvinza iliyokuwa ikichemshwa na kuuzwa mbali tangu kabla ya reli ya kati. Ndani ya chumvi ya Uvinza kuna ioni za sodiamu na za kloridi zilizopangana zamu kwa zamu, zikishikwa na mvuto wa chaji tu. Katika chumvi ya zabibu mvuto huo upo, lakini hautoshi kueleza umbo la fuwele. Mpangilio wake unategemea sana kifungo cha haidrojeni, mshiko mdogo kati ya molekuli na molekuli ambao wanakemia walichukua zaidi ya miaka 150 kuufikia tangu walipoanza kuichunguza asidi ya zabibu.

Zabibu si mmea wa asili wa Ugogo. Wagogo walilima uwele na mtama na kufuga ng'ombe, na uchachu wa vyakula vyao ulitoka kwenye ubuyu na ukwaju. Vyote viwili bado vinauzwa katika soko la Majengo mjini Dodoma, sokoni humo humo zinapouzwa zabibu. Kati ya hivyo ukwaju una kisa cha pekee. Matunda mengi huwa machachu kwa sababu ya asidi ya sitriki, kama ndimu, au ya maliki, kama tufaa. Ukwaju, sawa na zabibu, una asidi ya tartariki kwa wingi, na sehemu ya asidi hiyo imekwisha kushikana na potasiamu tangu tunda likiwa mtini. Tena asidi hiyo haipungui tunda linapoiva. Sukari ndiyo huongezeka juu yake, na ndiyo maana ukwaju mbivu huwa mtamu na mchachu kwa pamoja. Kwa hiyo chumvi ya mapipani ilikuwa imeenea katika nyanda za kati, ikiingia kwenye uji na mboga, muda mrefu kabla pipa la kwanza la mvinyo halijafika.

Pipa lenyewe lilikuja na altare. Mwaka 1935 eneo la Dodoma lilifanywa kuwa wilaya ya kimisionari ya Kanisa Katoliki chini ya mapadre Wapasionisti, shirika lenye asili ya Italia, na mwaka 1953 likapandishwa kuwa jimbo. Sheria ya Kanisa inataka divai ya misa itokane na zabibu halisi, na divai hiyo ililazimika kuagizwa ng'ambo, ishushwe bandarini Dar es Salaam, kisha ipande treni hadi Dodoma, mji uliofikiwa na reli mwaka 1910. Mapadre waliotoka nchi ambayo vijiji vingi vina mashamba ya mizabibu hawakuhitaji kushawishiwa sana. Katika misheni ya Bihawana, kusini magharibi mwa mji, walipanda vikonyo, na vikonyo vikashika.

Vilishika kwa sababu ambazo mkulima wa Ugogo huzilalamikia. Dodoma iko mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari, na hupata mvua ya milimita 570 hivi kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Mahindi huteseka. Mzabibu hufurahia, kwa kuwa ukavu huo unawanyima nafasi ukungu na kuvu zinazoozesha vichala. Isitoshe, karibu na ikweta hakuna baridi kali ya kuulaza mmea, hivyo mkulima akipogoa mara mbili huvuna mara mbili: mavuno ya Februari na Machi, kisha ya Agosti na Septemba. Mashamba mengi ya Ulaya huvuna mara moja tu.

Kutoka misheni kilimo kilienda kwenye gereza la Isanga, kikasambaa vijijini. Baada ya uamuzi wa mwaka 1973 wa kuhamishia makao makuu ya nchi Dodoma, zabibu likawa zao la kujivunia la mkoa. Kituo cha utafiti kiliwekwa Makutupora, ambacho leo ni TARI Makutupora, na jina la mahali hapo limebaki kwenye aina ya zabibu nyekundu iliyoenea kuliko zote mkoani. Serikali iliunda kampuni ya mvinyo ya Dodoma, DOWICO, ambayo kama mashirika mengi ya umma haikuivuka salama miaka ya 1990. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilikuja Cetawico, upande wa Hombolo na Veyula, ikiwa na mtaji na mafundi kutoka Italia pamoja na aina za zabibu za kwao. Pembeni ya viwanda hivyo wakaibuka wasindikaji wadogo wanaokamua na kuuza mchuzi kwa jumla. Kote huko, kwenye tangi la chuma la kiwanda na kwenye pipa la plastiki la uani, ukoko ni ule ule.

Asidi iliyomo ndani yake ilitolewa peke yake kwa mara ya kwanza mwaka 1769 na Carl Wilhelm Scheele wa Sweden, akianzia na ukoko wa mapipa. Miaka 50 hivi baadaye mwenye kiwanda mmoja wa Alsace, Kestner, alipata kwenye mitambo yake asidi nyingine iliyokuwa na viambato vile vile kwa vipimo vile vile, lakini yenye tabia tofauti. Jean-Baptiste Biot wa Paris aligundua kuwa asidi ya kawaida ya zabibu, ikiyeyushwa majini, huzungusha mwanga uliochujwa ukabaki wa uelekeo mmoja; ile ya Kestner haikuuzungusha hata kidogo. Mwaka 1844 Mjerumani Eilhard Mitscherlich alizidisha utata alipotangaza kuwa chumvi za sodiamu na amonia za asidi hizo mbili zina fuwele za umbo moja.

Kitendawili hicho kilimwangukia Louis Pasteur, ambaye mwaka 1848 alikuwa kijana wa miaka 25. Alizitazama fuwele za chumvi ya Kestner kwa makini kuliko Mitscherlich na kuona kuwa hazikuwa za umbo moja. Baadhi zilikuwa na visura vidogo vilivyoinamia kulia, nyingine kushoto, kama kiatu cha kulia na cha kushoto: sawa kwa kila kipimo, lakini kimoja hakiwezi kukaa mahali pa kingine. Akazitenga moja moja kwa mkono. Kundi la kwanza likayeyushwa, likauzungusha mwanga kulia. La pili likauzungusha kushoto kwa kiasi kile kile. Yakichanganywa kwa uzito sawa, mwanga haukuzunguka. Biot, mzee wa zaidi ya miaka 70 asiyeamini habari za kusikia, alimtaka arudie mbele yake, kwa asidi, soda na amonia alizompa yeye mwenyewe, na myeyusho ukaachwa ukauke katika maabara ya mzee huyo. Matokeo hayakubadilika. Hapo ndipo ilipofahamika kwamba molekuli zenye viambato sawa zinaweza kutofautiana kwa mkono tu, na somo zima la umbo la molekuli likaanzia kwenye chumvi ya mvinyo.

Bahati ya Paris ilisaidia. Fuwele za kulia na za kushoto za chumvi ile hutengana zenyewe ikiwa tu myeyusho unakauka chini ya nyuzijoto 27 hivi. Juu ya hapo molekuli za mikono yote miwili huingia katika fuwele moja na hakuna cha kutenganisha. Mchana wa Oktoba au Novemba mjini Dodoma, joto likiwa limepita 30, jaribio la Pasteur lingeshindwa. Usiku wa Julai, joto likishuka hadi 13 au 14, lingefaulu bila taabu.

Mwaka 1853 Pasteur alipata njia isiyotegemea jicho wala kibano. Aliichanganya asidi ya Kestner na alkaloidi zinazotokana na kwinini na ndugu zake, vitu vya mti wa sinkona ambavyo navyo vina mkono mmoja. Chumvi ya kikaboni iliyotokea kwa asidi ya kulia haikuyeyuka sawa na ile ya asidi ya kushoto, hivyo moja ilijikusanya kuwa fuwele na nyingine ikabaki majini. Viwanda vya dawa bado vinatumia mbinu hiyo kutenganisha molekuli za mikono miwili. Sinkona hizo hizo Wajerumani walizipanda Amani, katika milima ya Usambara, baada ya kuanzisha kituo chao cha utafiti mwaka 1902. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, njia za bahari zilipofungwa, magome yake yalichemshwa kuwa kinywaji kichungu cha kuwakinga askari na malaria, ambacho askari wenyewe walikiita Lettow-Schnaps kwa jina la jemadari wao.

Kwa nini, basi, chumvi moja ijipange hivi na nyingine vile? Karne ya 19 haikuwa na jibu, maana hapakuwa na njia ya kuona ndani ya fuwele. Njia hiyo ilipatikana baada ya 1912, ilipobainika kuwa eksirei ikipita katika fuwele hutawanyika kwa mpangilio unaoonyesha mahali pa kila atomu. Kufikia wakati huo kifungo cha haidrojeni kilikuwa bado hakijaeleweka. Wendell Latimer na Worth Rodebush walikipendekeza mwaka 1920 huko Berkeley, Marekani, na Linus Pauling akakipa nafasi yake katika kitabu chake cha 1939 kuhusu vifungo vya kikemia. Chumvi za zabibu zilikuwa miongoni mwa za mwanzo kupimwa: mwaka 1941 watafiti Beevers na Hughes walichapisha muundo wa chumvi ya sodiamu na potasiamu, na mwaka 1950 Stern na Beevers wakafuata na muundo wa asidi yenyewe. Mwaka 1951 Johannes Bijvoet na wenzake wa Utrecht, wakitumia tartareti ya sodiamu na rubidiamu, waliweza hatimaye kusema ni mkono upi hasa. Kabla ya hapo vitabu vyote vya kemia ya kikaboni vilifuata dhana ambayo Emil Fischer aliichagua bila ushahidi. Ikatokea kwamba alikuwa amepatia.

Kifungo cha haidrojeni hutokea pale atomu ya haidrojeni iliyoshikamana na atomu inayopenda elektroni, oksijeni kwa mfano, inapokaribia oksijeni nyingine. Oksijeni ya kwanza huivuta elektroni ya haidrojeni kuelekea kwake, haidrojeni inabaki na chaji chanya kidogo, na oksijeni ya jirani huidaka. Nguvu ya mshiko huo katika maji ni kama sehemu moja ya ishirini ya nguvu ya kifungo cha kawaida ndani ya molekuli. Si nguvu kubwa. Lakini mshiko huo una uelekeo: oksijeni, haidrojeni na oksijeni hupenda kukaa karibu mstari mmoja, wakati chaji tupu huvuta pande zote bila kubagua. Kwa sababu ya uelekeo huo, kifungo kidogo kinaweza kupanga fuwele nzima.

Asidi ya tartariki ina kaboni nne. Kila ncha ina kikundi cha asidi, na kaboni mbili za kati zina kikundi cha oksijeni na haidrojeni kila moja. Katika chumvi ya mapipani ncha moja imepoteza haidrojeni yake na kubaki na chaji hasi, ilhali ncha ya pili bado inayo. Ncha yenye haidrojeni huishika ncha iliyopoteza ya jirani, naye huishika ya anayemfuata, hadi ikatokea minyororo isiyo na mwisho inayopita fuwele nzima. Mshiko huo wa kichwa kwa mkia ni mfupi na imara kuliko ule wa maji. Oksijeni hizo mbili ziko umbali wa nanomita 0.25 hivi. Vikundi vya katikati hushikana na minyororo ya pembeni, na ioni za potasiamu hukaa kwenye nafasi zilizobaki, kila moja ikizungukwa na oksijeni kadhaa. Kwa kuwa zabibu hutengeneza asidi ya mkono mmoja tu, minyororo yote ina mkono mmoja, na fuwele nayo inakosa ulinganifu wa kioo. Ndiyo asili ya visura alivyoviona Pasteur.

Mshikamano huo ndio unaoifanya chumvi hii igande kwa urahisi. Potasiamu ikiziteka ncha zote mbili za asidi, mshiko wa kichwa kwa mkia hauna tena haidrojeni ya kuufunga, na chumvi hiyo huyeyuka kwa wingi mno: zaidi ya gramu 100 katika mililita 100 za maji. Ile yenye haidrojeni moja haifiki hata gramu moja katika maji hayo kwenye nyuzijoto 20. Haidrojeni si sababu pekee, maana chumvi ya sodiamu ya namna hiyo hiyo huyeyuka zaidi ya ya potasiamu. Ukubwa wa ioni na jinsi inavyotoshea kati ya minyororo navyo vina uzito. Asidi tupu, isiyo na metali yoyote, inaonyesha nguvu ya mpangilio waziwazi zaidi. Ile ya mkono mmoja huyeyuka zaidi ya gramu 130 katika mililita 100 za maji. Ile ya Kestner, ambamo molekuli za kulia na za kushoto hupangwa pamoja katika fuwele moja, huyeyuka gramu 20 hivi. Viambato ni vile vile. Kilichobadilika ni jinsi vinavyoshikana.

Chumvi iliyopimwa na Beevers na Hughes ilikuwa na umaarufu wake. Mwuza dawa wa La Rochelle, Ufaransa, aitwaye Seignette, aliitengeneza katika karne ya 17 kama dawa ya kulainisha choo. Mwaka 1880 ndugu Jacques na Pierre Curie waligundua kuwa fuwele zake, zikibanwa, hutoa umeme. Kwa tabia hiyo ziliingia kwenye maikrofoni na kwenye vichwa vya sindano vya magramafoni, vikisoma mifereji ya santuri. Fuwele hizo hubeba molekuli nne za maji kwa kila tartareti moja, zote zikishikiliwa kwa vifungo vya haidrojeni, na hapo ndipo udhaifu wake ulipo: hewa kavu sana huyanyonya maji hayo, unyevu mwingi huiyeyusha fuwele, na joto la nyuzi 55 huivunja. Si kifaa cha kuachwa juani, iwe pwani au Ugogo.

Mzabibu wa nchi ya joto una hesabu yake. Joto huifanya zabibu iitumie asidi ya maliki kama chakula, lakini tartariki hubaki, wakati potasiamu inaendelea kupanda kutoka mizizini. Asidi ya tartariki iliyopoteza haidrojeni moja tu, ile hasa inayogandana na potasiamu, huwa nyingi zaidi pale pH, yaani kipimo cha ukali wa asidi, inapokaribia 3.7, na mchuzi wa zabibu zilizoiva juani hufika hapo bila shida. Pombe nayo husukuma mbele, kwa kuwa chumvi hii haipendi kileo. Mvinyo wenye kileo cha asilimia 12 hubeba chini ya gramu 3 za chumvi kwa lita ukiwa na nyuzijoto 20, na gramu moja tu na kidogo ukifika sifuri. Kinachozidi lazima kianguke.

Kwa hesabu hiyo misimu miwili ya Dodoma hailingani. Mchuzi wa Machi hupitia usiku wa baridi wa Juni na Julai ukiwa tangini, na sehemu ya chumvi hujigandisha ukutani bila mtu kuigusa. Mchuzi wa Septemba hukutana na joto la Oktoba na Novemba, hubaki umebeba chumvi yake, na ukitiwa chupani katika hali hiyo chumvi husubiri jokofu la mnunuzi. Hapo chembe zinazofanana na sukari hushuka chini ya chupa, na chupa hurudishwa dukani kwa madai kuwa ndani yake mna vioo. Chembe hizo hazina madhara yoyote kwa mnywaji. Viwanda vyenye mitambo huupoza mvinyo hadi chini ya sifuri kwa siku kadhaa na kuutia unga wa chumvi ile ile, ili fuwele mpya zipate pa kuanzia kujipanga, kisha huuchuja. Msindikaji mdogo asiye na chumba cha ubaridi hana njia rahisi zaidi ya kuuacha mchuzi wake upite kipupwe kabla ya kuutia chupani.

Hata baada ya kupozwa mvinyo unaweza kuangusha chembe za pili, safari hii za kalsiamu. Tartareti ya kalsiamu ina molekuli nne za maji ndani ya fuwele yake, nazo pia zimeshikwa kwa vifungo vya haidrojeni. Hujipanga polepole mno, pengine miezi kadhaa baada ya chupa kufungwa, na ubaridi hauiharakishi kama unavyoiharakisha ya potasiamu. Dawa yake huanzia mbali na pishi: kutotumia chokaa kupunguza uchachu wa mchuzi, na kutohifadhi mchuzi katika matangi ya saruji yasiyopakwa ndani.